Mjerumani na Mfaransa kwenye Barabara ya Mvouni

Katika kisiwa kizima cha Ngazija, enzi za mamluki, yalikuwapo magari mawili tu ya kuitwa magari. Mengine yalikuwa mabati yenye magurudumu. Na hayo mawili yote yalipita mikononi mwangu. Niliyafungua, nikayafunga, nikayaendesha, na kwa muda wa miezi minane yote mawili yalikuwa yangu mimi peke yangu. Nasema haya mapema ili anayesoma ajue anasimuliwa na nani. Niliishia darasa la nne, Unguja, kabla baba hajaturudisha kwao Ngazija, na sioni haya kulisema. Waliosoma mpaka Ufaransa walikuwa wakinisubiri mlangoni mwa gereji yangu, mtaa wa Magoudjou mjini Moroni, wameshika funguo mkononi, wapole kama wagonjwa.

Yalikuwa magari ya ukoo mmoja, kwa anayejua. Gari dogo, fupi nyuma, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Gari la kupeleka watoto shule na kurudi na kapu la samaki. Halafu huko kiwandani fundi fulani mwenye kichaa kama changu akalitia injini isiyo saizi yake. Likisimama unalidharau. Likiondoka unabaki na vumbi lako.

Moja lilikuwa Mjerumani, jeusi, la mwishoni mwa miaka ya sabini. La pili lilikuwa Mfaransa, jeupe, la katikati ya miaka ya themanini. Kati yao ni miaka saba au minane, lakini kwa magari miaka hiyo ni mingi. Mmoja bado alikuwa chuma, mwingine alishaanza kuwa akili.

Mjerumani nilimkuta Mutsamudu, kisiwa jirani cha Nzwani, amelala ubavu. Nilikuwa nimekwenda huko kutengeneza jenereta ya tajiri mmoja. Mhandisi wa Kizungu aliyekuja kwa kazi ya bandari alimleta Mjerumani huyo kutoka Afrika Kusini, usukani upande wa kulia, akashindwa naye kwenye kona moja ya njia ya Ouani. Mzungu akatoka na mkono uliovunjika na kuapa kwamba hataki kumwona tena. Mimi nilimwona mara moja tu, taa zake za mviringo zimejaa mchanga, mstari mwekundu kuzunguka uso, viti vya kitambaa cha drafti, nikajua kwamba nitaondoka naye. Niliposhuka naye Moroni kutoka kwenye meli ya mizigo, wapakuzi waliniuliza maiti huyu nitamzika wapi.

Nikawaambia, "Nyinyi subirini. Atakuja kuwazika."

Ilinichukua miaka miwili. Mtambo wake wa kupuliza mafuta ulikuwa umepondeka, na spea yake labda ungeipata Ulaya. Niliung'oa wote. Nikatoa kabureta mbili kwenye magari mawili yaliyokufa, lakini bomba la kuziunganisha na injini halikuwapo popote. Basi nikaenda soko la Volo Volo nikakusanya masufuria mabovu ya aluminiamu, nikayayeyusha, nikamimina bomba langu mwenyewe katika kalibu ya udongo. Mara ya kwanza likapasuka. Mara ya pili likapasuka. Mara ya tatu injini ikavuta pumzi, ikakohoa, na mtaa mzima wa Magoudjou ukatoka nje kutazama. Nipe mhandisi mwenye diploma aliyewahi kufanya hivyo, nimpe gereji yangu bure.

Kasoro yake ilikuwa moja. Breki. Ulikuwa ukiikanyaga leo akajibu kesho. Nilihangaika nayo nikaishia kuizoea.

Sikuwa peke yangu katika kazi ile. Nilikuwa na mwenzangu. Mama yangu ni mtu wa Mvouni, kijiji kilichoko juu ya Moroni, na kwetu kijiji ni cha mama. Huko wanaume hupangwa kwa rika, na rika huitwa hirimu. Mkiwa hirimu moja mnachangiana, mnazikana, mnatukanana bila kugombana, na mmoja wenu akipata jambo kubwa wengine ndio miguu na mdomo wake. Huyu alikuwa wa hirimu yangu. Alinishikia taa, alinipulizia moto wa makaa siku ya kuyeyusha masufuria, na lile bomba la tatu tulilimimina pamoja, yeye akiwa ameungua kidole na akicheka.

Kazi yake ilikuwa udereva. Alimwendesha ofisa mmoja wa wale Wazungu wa kulinda rais, wale wa nguo nyeusi waliotua mwaka wa sabini na nane na kukaa kama wenye nyumba. Watu waliwaogopa. Mwenzangu hakuwaogopa, au alijua kuficha. Yule ofisa aliletewa gari lake kutoka kwao, na huyo ndiye Mfaransa wangu: mweupe, mstari mwekundu kwenye bampa, zulia jekundu ndani kama la msikitini. Alikuwa akiletwa kwangu kubadilishwa mafuta na mwenzangu akiwa nyuma ya usukani, kiwiko nje ya dirisha, anajiona.

"Na hili kaburi lako lenye tairi bado linatembea?" ananiuliza.

"Linatembea, na ni langu. Wewe hilo umeazimwa."

"La kuazima ndilo linalokwenda, fundi."

Maneno hayo yangeishia wapi kama si barabara ya Mvouni? Ijumaa moja baada ya sala, watu wamekwenda kulala na chakula tumboni, tuliyasimamisha magari yote mawili chini, pale mji unapoishia na mlima unapoanza. Barabara yenyewe ni nyembamba, jiwe jeusi la volkano kulia na kushoto, migomba, kona zisizokuambia zinaishia wapi. Mtu alisimama juu kijijini kuzuia mbuzi. Tukaondoka.

Kupanda, alinishinda. Nimeishi na ukweli huo, nauandika. Mfaransa alikuwa mwepesi, na ule mtambo wake wa kupuliza mafuta ulimpa anachotaka kabla hajaomba. Mjerumani wangu kwa kabureta zake mbili alinguruma hata mawe yakasikia, alivuta vizuri sana kwenye gia ya pili, lakini kila nilipotoka kwenye kona niliona mkia mweupe unaingia kona ya mbele. Nilifika Mvouni mwenzangu ameshashuka, anakula ndizi.

"Ulipita kwa shangazi yako kwanza?" akaniuliza.

Nikamwambia kushuka tubadilishane magari. Hapo ndipo nilipomjua Mfaransa. Kwenye kona ya tatu nilistuka, nikainua mguu kwenye mafuta, kama mtu yeyote mwenye akili anavyofanya. Wallahi, nyuma ya gari ikaja mbele. Nilizunguka mzima mzima nikajikuta natazama Mvouni nilikotoka, injini imezima, na mwenzangu akanipita ndani ya Mjerumani wangu, akipiga honi. Nilimkuta chini, breki zinafuka moshi, kanzu yake ya Ijumaa imelowa jasho.

"Hazishiki," akasema. "Nimeshuka kwa gia na dua."

"Sasa yupi bora?"

Alifikiri. Ndiyo mara ya pekee niliyomwona akifikiri. "Mfaransa ni bora," akasema. "Lakini nikipewa mmoja nimchukue kwangu, namchukua huyu. Huyu nilimwona akizaliwa."

Nilifurahi kusikia hivyo. Nilimpiga bega.

Mwaka mmoja hivi baadaye yule ofisa akamaliza mkataba wake na kufunga mizigo. Sasa nitasema jambo ambalo wengine wameligeuza wakalifanya ndilo chanzo cha yote yaliyofuata, na mimi nasema si chanzo. Mwenzangu alikuja kwangu mchana mmoja, tukala pamoja, akaniambia bwana wake amemwahidi kumwachia Mfaransa. Hakuandikiwa, aliahidiwa kwa mdomo. Nikamsikiliza, nikala. Kesho yake nilikwenda kambini nikiwa na bahasha, nikamkuta yule Mzungu anatafuta fedha za haraka, na jioni Mfaransa akalala gerejini kwangu. Mimi ni mfanyabiashara. Nisipochukua mimi angechukua mwenye duka yeyote, na gari lingekufa kwa mikono ya wajinga. Mwenzangu alipomwona alizunguka gari zima polepole, akapitisha kidole juu ya bampa, akasema, "Hongera, fundi. Sasa unayo yote." Akacheka. Nami niliamini kicheko kile.

Hiyo ilikuwa miezi minane ya utajiri wangu. Asubuhi nilikuwa natoka na Mfaransa, jioni na Mjerumani. Nilikuwa nikiwalinganisha kama mtu mwenye wake wawili. Mfaransa aliniweka macho, maana ukimsahau kidogo anakugeuka. Mjerumani alinitikisa mifupa, akanikaanga miguu kwa joto la injini, hakushika breki, lakini alikuwa ananiambia kila kitu kupitia usukani. Jiwe dogo likipita chini nilijua ni jiwe la upande gani. Mtu akiniuliza leo yupi mkali, nitamwambia Mfaransa. Akiniuliza yupi nilikuwa nikimwamkia asubuhi, huyo ni mwingine.

Nikiwa na miaka thelathini na mitano nikafanya anda, yaani Harusi Kubwa. Kwetu mwanamume anaweza kuwa na gereji mbili na magari mawili, na asipofanya anda bado ni kijana. Uwanjani hakai na watu wazima, msikitini hasimami safu ya mbele, na akisema neno hakuna anayelibeba. Mimi nilimaliza akiba yangu yote kwa furaha. Bibi harusi alikuwa wa Mvouni, tulichumbiana tangu nilipofungua gereji. Nyumba ni yake, ilijengwa na baba yake kwa ajili yake, kama ilivyo desturi, na mimi siku hiyo ndiyo niliyokuwa naingia. Nilikuwa nakwenda na dhahabu, masanduku ya nguo, vitambaa, marashi. Zawadi hizo hazipelekwi kimyakimya. Zinaandamana na ngoma, na mbele ya nyumba, wazee wamekaa, wanawake wamejaa kwenye mapaa, mtu wa hirimu yako anazitaja moja moja kwa sauti. Na neno lililotajwa pale limekwisha. Hakuna karatasi, hakuna sahihi, mji umesikia. Kurudisha kilichotajwa ni aibu ya ukoo wa mama yako mpaka kwa wajukuu.

Nilimchagua yeye awe mtajaji. Nani mwingine? Alikuwa na sauti.

Mapatano yalifanyika gerejini, siku tatu kabla. Nilitaka zawadi zipande Mvouni ndani ya gari badala ya vichwani mwa watu, kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Mimi ningetembea mbele chini ya mwavuli, gari nyuma yangu mwendo wa miguu, mlango wa nyuma umefunguliwa juu, dhahabu inaonekana kama dukani.

"Mfaransa," nikasema. "Ni mpya, ni mweupe."

"Mfaransa?" Mwenzangu akaguna. "Gari la mamluki liingie na ngoma mbele ya wazee? Kuna watu pale uwanjani wana ndugu waliopigwa na wale. Wataona zulia jekundu wataona kambi. Mtie Mjerumani. Huyo ni jasho lako, kila mtu anamjua."

Nilimwona ana akili. Nilimshukuru. Siku mbili nzima tulimng'arisha yule Mjerumani pamoja, yeye akisugua rimu kwa mswaki wa meno. Nikikumbuka ule mswaki ndipo ninapokasirika zaidi.

Siku yenyewe mlima mzima ulikuwa watu. Mwenzangu aliendesha, mimi mbele kwa joho na kilemba, na kabureta zangu mbili zikinguruma taratibu nyuma yangu, nikijisikia sultani. Kaka wa bibi harusi alikuwa amekuja kutoka Mutsamudu, alikokuwa na kazi bandarini. Alisimama mlangoni kutupokea, miwani ya jua, kanzu imepigwa pasi. Gari likaingia ua. Sikulitazama hilo kama kitu. Gari lilibidi liingie mahali.

Mwenzangu akapanda juu ya jiwe la mlangoni akaanza kutaja. Mkufu, vigelegele. Bangili jozi kadhaa, vigelegele. Sanduku la kwanza, la pili, la tatu. Marashi. Vitambaa. Wazee wanatikisa vichwa, wanakubali. Vilipokwisha nikapumua. Yeye hakushuka. Alinitazama, si kwa muda mrefu, akageuka kwa watu.

"Na mwisho," akasema, na sauti yake ikapanda, "mwenzetu amesema dhahabu kila mtu hutoa. Amesema anampa mkewe kitu alichokitengeneza kwa mikono yake miwili. Gari hili mnaloliona, na funguo zake hizi!"

Akazinyanyua zikametameta.

Sijui kama kuna mtu amewahi kusikia vigelegele kama vile. Wanawake walipiga mapaa kwa miguu. Mzee mmoja, ambaye kwa miaka kumi hakunijibu salamu vizuri, akanyanyuka akanishika mkono. Nilifungua mdomo. Nawaambieni kweli, niliufungua. Nikamwona mama yangu upande wa wanawake anafuta machozi kwa ncha ya shiromani, nguo yake ya kujitanda. Nikamwona bibi harusi juu dirishani, uso umepakwa msandali, ameweka kiganja kifuani. Nikaufunga mdomo, nikatabasamu. Picha ipo. Kila anayeiona husema, angalia mwanamume anavyong'aa.

Funguo zilipita kwa kaka wa bibi harusi, zikapanda juu kwake. Nilipomfuata mwenzangu nje ya ua, nilimshika kanzu.

"Umefanya nini?"

"Nimekutukuza," akasema. "Hukuona?"

"Nitasema umekosea."

"Sema. Wazee bado wamekaa. Twende pamoja, mimi nitakushika mkono." Akasubiri. Kweli alisubiri. Kisha akaiondoa kanzu yake vidoleni mwangu, kidole kimoja kimoja, kwa upole.

Wiki tano baadaye kaka wa mke wangu akasema dada yake haendeshi, gari linakaa bure uani, na yeye Mutsamudu anatembea kwa miguu. Mke wangu akaniuliza mimi. Ningesema nini? Kitu ni chake. Nikasema, "Kama roho yako inataka." Mjerumani akarudi Mutsamudu kwa meli, na baada ya mwezi nikasikia mwenzangu naye amehamia huko. Amepewa kazi ya udereva bandarini na shemeji yangu, na gari analoendesha ni lipi, hata mtoto angejua. Basi mambo yalikuwa yamepangwa tangu kabla ya ule mswaki.

Mfaransa alibaki kwangu. Lakini kupanda Mvouni kwa kasi peke yako ni kama kucheza bao peke yako. Nilimpanda, nikashuka, nikamfunika turubai.

Siku moja nikakata tiketi ya ndege. Nilikuwa na mpango: nitampa shemeji Mfaransa, gari jipya zaidi, lenye kasi zaidi, lenye usukani upande unaostahili, na yeye anirudishie Mjerumani mbovu wa breki. Mwenye akili gani angekataa? Nilitua, nikateremka mpaka bandarini Mutsamudu, Kingazija changu kikichekwa kila nilipouliza njia. Na pale nje ya geti nikamwona. Viti vya nyuma vimeng'olewa. Mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba kwa sababu ya magunia ya karafuu yaliyojaa mpaka darini. Nimezaliwa Unguja, harufu ya karafuu naipenda. Siku ile niliziba pua.

Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye usukani.

"Karibu, bwana harusi," akasema.

"Usiniite hivyo."

"Haya, fundi. Panda."

Nilipanda upande wa kushoto, upande wa abiria, ambao sikuwahi kuukalia. Akashusha magunia kwenye ghala moja, kisha akashika njia ya Ouani, bahari kushoto, ukuta wa mlima kulia. Alianza polepole, akaongeza. Injini ilikuwa safi. Ilikuwa safi kuliko nilivyoiacha, na bomba letu lilikuwa halivuji tena pale lilipokuwa likivuja siku zote. Tukafika kwenye kona ile ya yule mhandisi, nikaona hapunguzi, nikashika dashibodi. Akakanyaga breki. Mjerumani akakaa chini kama mbwa aliyeambiwa.

Nikaachia dashibodi.

"Umefanyaje?" nikauliza. Sikutaka kuuliza, iliniponyoka.

"Pampu ya breki ya pikapu ya Kijapani. Nilichonga kipande cha kuishikia. Ilikuwa kazi ya siku mbili."

Siku mbili. Mimi nimekaa na gari lile miaka.

Akalisimamisha pembeni. "Umekuja kulichukua," akasema.

"Nimekuja kubadilishana na shemeji. Wewe humo, siongei na wewe."

"Shemeji yako atakataa. Gari ni la dada yake, hawezi kuliuza wala kulibadilisha. Lakini kuna njia." Alizima injini. "Mwambie mkeo hukulitoa. Mwambie mimi nilisema uongo juu ya jiwe. Hawa ni watu wenye haya; siku hiyohiyo watalirudisha. Na mimi mji wote utanitenga, ng'ombe nitatozwa, sitakanyaga Mvouni tena. Neno moja tu."

"Unanijaribu."

"Sikujaribu. Nilikula kwako, nikakwambia bwana wangu ameniahidi Mfaransa. Ulikuwa unatafuna. Hata hukuacha kutafuna."

"Niliuziwa. Aliuza kwa aliyekuwa na fedha."

"Na mimi nililitoa kwa aliyekuwa na harusi."

Mpaka leo watu wachache wanaoyajua haya huniambia tumelipana, jino kwa jino. Nakataa. Mimi nilinunua gari, mbele ya mwenye gari, mchana kweupe. Yeye alitumia mdomo nilioukopesha mimi, siku ambayo sikuwa na mdomo. Kama angekuja gerejini akaniambia umeniumiza, tungepigana, tungemaliza. Alinishikia mswaki siku mbili akijua. Hilo halina bei ya kulilipia.

Nilishuka, nikatembea kwa miguu mpaka uwanja wa ndege, jua likinichoma utosi. Kwa shemeji sikufika. Ndani ya ndege niliipanga sentensi yangu. Nilikuwa na haki, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi: sikulitoa mimi, yule alidanganya. Niliirudia mpaka Moroni, nikairudia ndani ya Mfaransa nikipanda mlima, na kwenye kona ya tatu sikuinua mguu.

Mke wangu alikuwa uani na wanawake wa ukoo wao, sita, wanachambua mchele. Alisimama kunipokea. Haya ninayaandika kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye haisomi, na ningeyaandika kwa lugha yake nisingefika hata ukurasa wa pili.

"Umeiona gari yangu?" akaniuliza.

"Nimeiona."

"Iko nzima?"

"Nzima. Inashika breki."

Akawageukia wenzake. "Nawaambia kila siku. Waume wengine hutoa vya dukani, na dukani mtu yeyote anafika. Huyu alitoa kilichomtoka mikononi. Mnajua alilala na lile gari miaka miwili kabla hajalala na mimi?" Wakacheka sana, mmoja akaniuliza yupi ana joto zaidi. Mke wangu naye alicheka, kisha akaniangalia, na uso wake ukawa ule wa dirishani. "Siku ile ulikuwa mweupe kama karatasi," akasema. "Nilisema moyoni, huyu anajuta. Kweli ulijuta?"

Sentensi ilikuwa mdomoni, imeshavaa viatu. Wanawake wote waliacha kuchambua.

"Nilitoa kwa moyo mmoja," nikasema.

Wakapiga vigelegele tena, vidogo, vya uani. Mara ya kwanza gari lile lilitolewa na mwenzangu. Safari hii nimelitoa mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi sita, na tangu hapo hakuna mtu wa kumshika kanzu.